Nilijifunza Kiarabu cha Juba nikiwa juu ya baiskeli

Kaka yangu alifariki Juba mwezi wa Desemba 2012. Mwili uliletwa nyumbani Busia kwa michango ya Wakenya wenzake waliokuwa wakifanya biashara huko. Mali yake haikuja. Kilichokuja pamoja na jeneza ni mfuko mmoja wa nguo na daftari la madeni.

Marehemu alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli na pikipiki katika kibanda kimoja cha soko la Konyo Konyo. Daftari lilionyesha kuwa watu 31 walikuwa wakidaiwa jumla ya pauni 3,870 za Sudan Kusini. Wakati huo dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa karibu pauni 3, kwa hivyo hizo hazikuwa pesa za kuachwa. Alikuwa ameacha mjane na watoto watatu, na shule zilikuwa zimeshafunguliwa.

Baada ya matanga wazee walikaa, wakaniangalia mimi. Nilijua maana ya macho yale. Lakini nilikuwa na swali moja: nitawadai vipi watu ambao siijui lugha yao?

Aliyenijibu ni baba. Baba alikuwa mwendesha boda boda wa zamani, wa wakati ule boda boda ilipokuwa baiskeli. Ndugu msomaji, kama wewe ni mfanyabiashara wa mpakani huenda unajua kwamba jina hilo lilizaliwa hapo hapo Busia. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi kirefu cha kumchosha mtu mwenye mizigo. Vijana wa baiskeli walikuwa wakiwaita abiria kwa sauti, "boda, boda!", yaani nikupeleke kutoka mpaka mpaka mpaka.

"Luganda nilijifunza kwa mtu aliyekaa nyuma yangu kwenye kariya," baba alisema. "Sikuingia darasani hata siku moja. Kwenye basi utalala. Kwenye baiskeli lazima usalimie watu."

Hivyo ndivyo nilivyoondoka Busia mwezi wa Februari 2013 nikiwa juu ya Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia. Nyuma nilifunga pampu, tyubu mbili, gundi na viraka, mnyororo mmoja wa akiba, blanketi, sufuria ndogo na lile daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Mbele yangu palikuwa na zaidi ya kilomita 800.

Somo la kwanza Bombo

Siku tatu za mwanzo, kupitia Iganga na Jinja hadi Kampala, sikujifunza chochote isipokuwa maumivu ya makalio. Magari makubwa ya mizigo hayana huruma na baiskeli. Ukisikia honi nyuma yako, unashuka kwenye changarawe bila kujadiliana.

Siku ya nne nilifika Bombo, mji mdogo kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Gulu. Hapo wanaishi Wanubi wengi. Hawa ni jamaa wa wale wa Kibera jijini Nairobi. Babu zao walikuwa askari wa Emin Pasha, aliyetawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, na ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 kutoka upande wa Ziwa Albert ili wamtumikie Uganda. Walikuja na lugha yao, na hiyo lugha ni ndugu wa damu wa Kiarabu cha Juba. Zote mbili zilianzia katika kambi za askari na wafanyabiashara wa karne ya 19, ambako watu wa makabila mengi walilazimika kuelewana haraka.

Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha viatu aliniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia Juba, alicheka, kisha akanipa kigoda. Kwa saa mbili alinifundisha bila kuacha kazi yake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema kwa Kiswahili. "Kiarabu cha msikitini kina milango mingi. Chetu kina mmoja. Ana ni mimi. Ita ni wewe. Uo ni yeye. Neno la kitendo halibadiliki."

Kisha akanipa funguo mbili. Ukitaka kusema unafanya jambo sasa hivi, weka gi. Ukitaka kusema utalifanya baadaye, weka bi. Ana gi ruwa ni ninakwenda. Ana bi ruwa ni nitakwenda. Usipoweka kitu, ana ruwa, basi umeshakwenda. Kukataa ni ma. Nilitoka Bombo nikiyasema hayo kila pedeli ilipozunguka, mpaka watoto wa Luweero wakadhani nina wazimu.

Jibu moja

Siku ya sita nililala Bweyale, karibu na makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Wakati huo palikuwa na wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na pia Wakenya wenzangu waliokimbia vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kwa hivyo Kiswahili kilikuwepo, na Kiarabu cha Juba kilikuwepo.

Niliingia mkahawani nikiwa na kiu. Mama mwenye mkahawa alinitazama vumbi lilivyonijaa, akageuka na kusema kwa sauti: "Jibu moya!"

Mimi nikasikia "jibu moja". Nikamwuliza kwa heshima, "Jibu la swali gani, mama?"

Mkahawa mzima ulivunjika mbavu. Kijana mmoja aliyesomea Kenya ndiye aliyenieleza. Katika lugha ile jibu ni lete, na moya ni maji. Mama alikuwa akimwambia binti yake aniletee maji ya kunywa.

Usiku ule niligundua kwamba mswahili anapoingia katika lugha hii ana mali nyingi mfukoni bila kujua, na pia ana mitego. Mali ni maneno ambayo lugha zote mbili zilichota kwenye kisima kimoja cha Kiarabu. Duka ni dukan. Soko ni suk. Sukari ni sukar, sabuni ni sabun, samaki ni samak, dawa ni dawa. Kitu cha bei kubwa ni gali, yaani ghali, na cha bei nafuu ni rakis, ambalo ni rahisi letu. Deni ni den. Neno hilo niliandika kwenye jalada la daftari.

Mitego nayo ipo. Baiskeli inaitwa ajala, na mara ya kwanza kuambiwa "ajala taki", baiskeli yako, nilitupa macho nyuma kutafuta ajali. Baadaye, sokoni, nilimwambia muuzaji, "Nakuja mara moja." Yeye hakujua Kiswahili. Akasikia mara, ambalo kwao ni mwanamke, na moya. Akaniuliza ninamtaka mwanamke gani anipe maji.

Hesabu

Tulivuka Mto Nile pale Karuma, mimi na baiskeli yangu, huku nyani wakitutazama kutoka kando ya barabara. Kutoka Gulu hadi mpakani, barabara wakati huo ilikuwa bado ya vumbi. Nilifunga kitambaa mdomoni nikaimba hesabu.

Wafanyabiashara nawaomba hapa wanisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea. Kati ya moja hadi kumi, mswahili anajua tayari tatu: sita, saba na tisa. Zilizobaki ajifunze: wahid, itnen, talata, arba, kamsa, tamanya, ashara. Kuanzia ishirini kwenda juu, karibu zote anazo: ishrin, talatin, arbein, kamsin, sitin, sabein, tamanin, tisein. Mia ni miya na elfu ni alf.

Lakini mpangilio ni kinyume cha wetu. Sisi tunasema sabini na sita. Wao huanza na kidogo: sita u sabein, sita na sabini. Mtu mwenye haraka husikia sita na saba, akaandika 67. Dereva mmoja wa lori niliyemkuta Atiak aliniambia kwamba kosa hilo lilimgharimu faida ya safari nzima. Tangu siku hiyo sikuwahi kukubali bei kabla ya kuirudia kwa sauti.

Siku ya kumi nilivuka Elegu nikaingia Nimule. Ofisa aliyegonga muhuri alitazama baiskeli, akatazama pasipoti, akaniuliza kwa Kiingereza kama gari langu limeharibika. Nikamjibu: "Ana gi ruwa Juba be ajala." Alicheka mpaka akawaita wenzake. Sikukaa pale hata dakika kumi.

Njia ya zamani

Kati ya Nimule na Juba mto una maporomoko, na meli haziwezi kupita. Ndiyo maana tangu enzi za ukoloni kipande hicho kilipitiwa kwa nchi kavu, kikiunganisha meli za upande wa Ziwa Albert na zile za kwenda Khartoum. Winston Churchill alikipita mwaka 1907 katika safari yake ya Afrika Mashariki. Mimi nilikipita kwa lami mpya. Barabara hiyo ya kilomita 192, iliyojengwa kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012, ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini humo.

Jua lilikuwa kali kiasi kwamba nilipanda tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, nikapumzika chini ya mwembe, kisha nikaendelea jioni. Nilionywa nisitoke nje ya lami hata kwa haja ndogo, kwa sababu ya mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita. Nilipita Pageri, Loa na Moli nikiomba maji kijiji hadi kijiji. Kila nilipoomba, niliomba kwa sentensi ndefu kidogo kuliko ya jana.

Si mimi wa kwanza kupita barani kwa namna hiyo. Kati ya 1931 na 1936 Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, alikwenda kutoka Tripoli hadi ncha ya kusini ya Afrika na kurudi hadi Algiers, sehemu kubwa kwa baiskeli, na Sudan ilikuwa njiani mwake. Siku hizi wako vijana wanaoendesha kutoka Mexico hadi Argentina, wakiondoka kwao bila neno la Kihispania na kufika wakiwa wanazungumza. Mwalimu wao ni yule yule wa kwangu: mtu unayemwomba maji.

Ukurasa wa kumi na nne

Niliingia Juba siku ya kumi na tatu, nikipitia Gumbo na daraja la zamani la vyuma. Wakenya waliomjua kaka walinipokea vizuri. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ndani vitu vingi vilikuwepo. Kwa madeni, walinipa kijana wa kunitafsiria, aliyekulia Kakuma na kujua Kiswahili safi.

Wadaiwa wa kwanza walikuwa watu wa kawaida. Mmoja alilipa, mmoja aliapa hadaiwi, mmoja alikuwa amehama. Siku ya tatu tulifika ukurasa wa kumi na nne: mama muuza chai, pauni 240, tairi mbili na rimu za mkokoteni wa maji wa mwanawe.

Nilimsalimia, "Ya mama, ita kef?" Kijana akaeleza nimetoka wapi na ninataka nini. Yule mama aliweka birika chini, akazungumza kama dakika tatu mfululizo. Kijana akanigeukia na kusema: "Anasema hana pesa."

Dakika tatu, maneno matatu. Simlaumu kijana. Alikuwa na haraka, na yeye alidhani nimekuja kwa jambo moja tu. Lakini katika maneno ya mama nilikuwa nimenasa machache. Aku taki, ndugu yako. Ayan, mgonjwa. Dawa. Lel, usiku. Na mwishoni kabisa nikasikia yale mawili ya Bweyale.

Nikamwomba: "Ya mama, kelem beshesh." Sema pole pole.

Akaanza upya. Kaka alikuwa mgonjwa sana, malaria ilikuwa imempanda kichwani, naye alikuwa peke yake kibandani. Wenzake walikuwa wamerudi Kenya kwa Krismasi. Huyu mama alimtoa pale akampeleka kwake, akanunua dawa kwa pesa ya chai, akakaa naye usiku mbili. Usiku wa pili homa ilipozidi, kaka alikuwa akisema jambo moja tu. "Uo gi kelem, jibu moya, jibu moya." Alikuwa akimpa. Asubuhi walimpeleka hospitali kwa pikipiki, na jioni akafa.

Nyumbani sisi tuliambiwa alifariki hospitalini. Hakuna aliyetuambia alikuwa kwa nani usiku ule, wala kwamba palikuwa na mtu wa kumpa maji.

Mama alimaliza kwa kusema hivi: "Den fi. Gurush mafi." Deni lipo, pesa ndiyo haipo. Hakutaja bei ya dawa. Hakuomba lipunguzwe. Alisema tu nimpe muda hadi mvua zianze.

Nilichukua kalamu nikaandika kando ya jina lake: amelipa. Kisha nikamwonyesha. Hakujua kusoma, kwa hivyo nikamweleza, kwa Kiarabu changu kibovu na kwa mikono. Tukalia wote wawili pale kwenye benchi la chai, na wateja wakaondoka kimya bila kulipa, halafu wengine wakarudi kulipa baadaye.

Jioni nilimpigia simu baba nikamsimulia. Alinyamaza muda mrefu, akauliza jina la yule mama ili amtaje katika maombi.

Baada ya hapo

Katika wiki tano nilikusanya pauni 2,150. Nyingine niliziacha. Pesa zilikwenda kwa mjane, nami nikafungua kile kibanda.

Yaliyofuata wasomaji wengi mnayajua kwa sababu mlikuwemo. Vita vya Desemba 2013 vilituondoa kwa barabara ile ile. Tulirudi, na mapigano ya Julai 2016 yakatuondoa tena, safari hii katika msafara uliolindwa na wanajeshi wa Uganda. Mama wa chai naye alivuka mpaka akawa mkimbizi Uganda. Baada ya mkataba wa amani wa Septemba 2018 alirejea, na leo anauza chai upande wa Gumbo. Alirudi na Kiswahili cha sokoni. Yeye hunisalimia kwa lugha yangu, mimi humjibu kwa yake.

Sisemi mtu achukue baiskeli aende Juba. Tangu 2016 magari mengi yameshambuliwa katika barabara ya Nimule na madereva wamepoteza maisha. Uliza hali ya njia kabla ya kuondoka, na panda gari pamoja na watu wanaoijua. Ninachosema ni kuhusu lugha.

Kwa wenzangu wa biashara: mwaka 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili kinazidi kusikika Juba. Hata hivyo usikae ukingoje kikufuate. Katiba ya 2011 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini bei ya nyanya haipangwi na katiba. Pauni ilishuka sana baada ya 2015, na leo bei zinatajwa kwa maelfu, kwa hivyo kosa dogo la kusikia namba ni hasara kubwa. Uliza "be kam?", rudia namba kwa sauti, kisha ndipo utoe pesa.

Kwa ndugu zangu mnaorejea nyumbani kutoka Kakuma, Adjumani na Kiryandongo: najua inauma kuitwa mgeni katika nchi ya wazazi wako kwa sababu tu ulimi wako umezoea Kiswahili. Wako na wenzenu waliotoka Khartoum baada ya vita vya Aprili 2023, ambao wana Kiarabu lakini Kiingereza hawana. Kila mmoja ana nusu ya alichokosa mwenzake. Kaeni benchi moja. Nusu ya maneno mnayo tayari, na wakikucheka, wacha wacheke. Mimi nilichekwa kutoka Bweyale hadi Konyo Konyo, na kila kicheko kilinipa neno.

Kijana akija kibandani kwangu akiuliza bei kwa Kiswahili, humtajia kwanza kwa Kiarabu cha Juba. Akishindwa, humtajia kwa Kiswahili. Kisha humtuma ng'ambo ya barabara anunue maji, na humwambia ni maneno gani mawili akaseme.